Mena Akataa Ishirini na Sita

Jumatatu, 13 Januari

Watu wengi hukosea mahali pamoja. Wanadhani mtoto wa mfugaji na mtoto wa mwanasheria wakishalala chini ya paa moja, wakala meza moja na kufundishwa na maprofesa walewale, tofauti yao imekwisha, na kinachobaki ni bidii ya kila mmoja. Kijitabu chetu cha kukaribisha wageni kinasema hivyohivyo, na pembeni kimewekewa picha ya vijana wanaocheka bustanini, kama ushahidi.

Nimekaa na vijana hawa tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, na ninachokiona ni kingine. Wanaingia sawa, mtihani wetu wa kuingia haumwonei mtu. Lakini hawatoki sawa. Baada ya kuhitimu huyu yuko Milano katika ofisi yenye zulia, na yule, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha huyu, anapokea simu za wateja wenye hasira katika mji aliokulia. Njia zao zinaachana humuhumu ndani, na msimu huu nataka kupaona mahali penyewe.

Naitwa Ersilia Bonfanti. Nilifundisha Kilatini, kisha nikawa mlezi wa masomo hapa Santa Ildegarda, bweni la wanafunzi waliochaguliwa kwa mtihani, mjini Pavia, kaskazini mwa Italia. Baada ya Pasaka nakabidhi ufunguo. Shajara hii ni ya atakayekalia kiti changu, ndiyo maana naeleza hata yale ambayo sisi wenyewe hatuelezani.

Ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi. Msimu wa mitihani umeanza.

Alhamisi, 16 Januari

Nadhani nimepaona, na siku ya nne haijaisha.

Kwetu mitihani mikubwa ni ya mdomo. Mwanafunzi anakaa mbele ya profesa, wenzake wakiwa kwenye mabenchi nyuma yake wanasikiliza, na mlango uko wazi kwa yeyote. Alama kamili ni thelathini, na kumi na nane inatosha kupita. Maswali yakiisha profesa anataja alama na kuuliza: unakubali? Ukikubali, inaandikwa na haifutiki tena. Ukikataa, hakiandikwi kitu. Unarudi siku nyingine ya mtihani na kuanza upya, kwa hatari yako mwenyewe.

Leo ilikuwa sheria ya biashara. Ludovico Malinverni wa mwaka wa tano, ambaye baba yake na babu yake ni wanasheria wa hati huko Milano, alipewa ishirini na saba akakataa. Alinisimulia huku akipaka siagi kwenye mkate, kama mtu aliyerudisha shati dukani kwa sababu mikono ni mifupi.

Kando yake alikaa Filomena Pietrafesa, sisi humwita Mena. Anatoka milima ya Basilicata, kusini, ambako baba yake anafuga ng'ombe. Wanasoma darasa moja, na kwa miaka yote hii nikiulizwa nani atafika mbali humtaja yeye kwanza. Yeye alipewa ishirini na tano.

"Ukakataa," nikasema.

"Nilikubali, Mwalimu. Swali la mwisho nilikwama. Ilinistahili."

"Mena, tangu uje hapa umewahi kukataa alama hata moja?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kama amewahi kumpiga padri kofi. Alijua kuwa inaruhusiwa. Alijua kama mimi ninavyojua kuwa kuna watu wanaoteleza kwenye theluji milimani kila Jumamosi.

Ludovico alicheka. "Huyu, Mwalimu, umpe bakuli la mawe, atasema asante na kuuliza yamepikwaje."

"Na wewe," Mena akamjibu bila kuinua macho, "ukipewa pepo utaomba chumba chenye dirisha kubwa zaidi."

Nakosa usingizi kwa furaha ya ajabu, kama daktari aliyemwona mdudu wa ugonjwa kwenye hadubini.

Ijumaa, 17 Januari

Ukungu. Supu ya maharage.

Jumamosi, 18 Januari

Nilimwita Mena ofisini tukaangalia hali yake. Mtihani uliobaki ni mmoja, mwenendo wa mashauri ya madai, kwa Profesa Zucchelli. Akipata ishirini na tisa au zaidi, mwezi wa Aprili atahitimu kwa mia na kumi, yaani alama zote. Akipata chini ya hapo, ile ishirini na tano itamvuta chini na hafiki.

Kwa Ludovico mia na kumi ni pambo. Ofisi ya baba yake ina kibao cha shaba mlangoni, na jina lililoandikwa tayari ni lake. Kwa Mena ni nauli. Mwanasheria mpya lazima awe mwanagenzi kwanza, na ofisi nyingi hazilipi wanagenzi wao. Anayeweza kufanya kazi bure ni yule anayelishwa na nyumbani. Iko ofisi moja Milano inayowalipa vizuri wanagenzi wawili kila mwaka. Inawachagua mara baada ya mahafali ya Aprili, na haimwiti mtu aliye chini ya mia na kumi.

Siku za kumwona Zucchelli zimebaki mbili tu, zote Februari. Asiyemaliza hapo anangoja mahafali ya kiangazi, na chumba chake hapa kinafungwa mwisho wa Aprili.

Mena alisikiliza yote akiwa amekunja mikono. Kisha akauliza kama naona Zucchelli ataudhika mtu akimkatalia. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani anaogopa kufeli, kumbe anaogopa kukosa adabu.

Jumatano, 22 Januari

Mvua, kisha ukungu juu ya mvua. Mwanafunzi wa tiba amelia kwenye ngazi, baadaye amecheka kwenye ngazi ileile.

Jumapili, 26 Januari

Ludovico amejitangaza mwalimu wa kukataa. Kwa muda mrefu nilimwona kijana wa maneno matamu tu, mvivu wa kuamka. Leo alitukusanya jikoni ghorofa ya tatu, akachemsha tambi mpaka zikawa uji, akamwaga juu yake nyanya ya kopo bila kuipasha moto, akamwekea Mena sahani. Mtu yeyote wa nchi hii angeona ni tusi.

"Somo la kwanza. Mhudumu nimekuletea hii. Unasemaje?"

Mena alitazama sahani, akatutazama sisi, akashika uma. Alikula yote. Alikula kwa utaratibu, akafuta nyanya kwa kipande cha mkate, akasema zilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ludovico alijishika kichwa. "Nyumbani kwetu anayekula kila anachowekewa tunajua ni mgeni."

"Nyumbani kwetu anayerudisha sahani hualikwa mara moja tu," Mena akajibu.

Ludovico alipika tena, vibaya zaidi. Safari hii Mena alisema hana njaa, akaomba radhi, kisha akala nusu ili mpishi asivunjike moyo. Tulicheka hadi mbavu zikauma, naye akacheka kuliko sisi. Lakini nilipokuwa napanda ngazi nilijiuliza tunamfundisha nini hasa. Bibi yake Ludovico alimfundisha kurudisha mvinyo hotelini akiwa na miaka saba. Hiyo haivaliwi kwa siku moja kama koti la kuazima.

Alhamisi, 30 Januari

Furushi la Mena limefika kutoka kusini: soseji, jibini, na zile pilipili nyekundu zilizokaushwa ambazo ukizikaanga kidogo zinavunjika mdomoni kama kioo. Alinikaangia ofisini kwa jiko la chai, jambo lililokatazwa.

Tukiwa tunakula nilimwuliza baba yake anauzaje ndama. Niliuliza bila hila yoyote, kwa kutaka mazungumzo tu. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliye kwao. Alisimama kunionyesha. Mnunuzi anakuja mnadani, anampapasa ndama mgongoni, anataja bei. Baba, Rocco Pietrafesa, hasemi kitu. Anamfungua ndama kamba na kuanza kuondoka naye, polepole, bila hasira. Mnunuzi anamwita. Baba anageuka nusu.

"Na anayekubali bei ya kwanza?" nikauliza.

"Hayupo, Mwalimu. Watu wangesema ndama ni mgonjwa."

Aliigeuza pilipili mkononi. Niliona wazo likimfikia, nikaacha limfikie lenyewe. Nimefundisha muda mrefu kiasi cha kujua ni wakati gani mwalimu afunge mdomo.

"Kwa hiyo Profesa anaposema unakubali," akasema taratibu, "anapapasa mgongo."

Nilizima jiko. Tulikuwa tunamwazima tabia za kina Malinverni, na kumbe alikuwa na zake, ila aliziacha mnadani kwa kudhani huku hazina kazi.

Jumanne, 4 Februari

Baridi kali. Mto Ticino hauonekani, unasikika tu.

Alhamisi, 6 Februari

Nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma na kofia kichwani, kati ya vijana waliokuwa wanaandika kila swali lililoulizwa ili wakajisomee. Profesa Ermanno Zucchelli ni mtu mkavu, haangalii uso wa mtu. Nilimhesabu siku zote kuwa hana huruma.

Ludovico alitangulia. Alipewa ishirini na nane, akakubali, akaja kukaa karibu nami badala ya kwenda kunywa kahawa na wenzake.

Mena alijibu vizuri swali la kwanza na la pili. La tatu lilihusu namna ya kukata rufaa, akachanganya hatua mbili, akajirekebisha amechelewa. Zucchelli alishika kalamu.

"Ishirini na sita. Unakubali?"

Chumba kilikuwa na joto la makoti mabichi. Mena hakujibu. Alikusanya karatasi zake polepole, moja moja, akazipanga, akasimama. Hapo ndipo nilipouona mnada mzima, kamba na ndama na kila kitu.

"Hapana, Profesa. Nakushukuru. Nitarudi tarehe ishirini na tano."

Zucchelli aliinua uso. Ni mara ya kwanza kumwona akimtazama mwanafunzi. "Unajua hiyo ni siku ya mwisho."

"Najua."

"Inawezekana ukatoka na pungufu ya hii."

"Inawezekana," Mena akasema, akavaa koti lake.

Ludovico alinikamata mkono, akanong'ona kuwa yeye hajawahi kukataa kitu ambacho angeweza kukikosa kabisa. Nilimtazama. Hakuwa anatania.

Ijumaa, 7 Februari

Mama yake Mena amepiga simu kwenye ofisi yangu. Mena alimweleza, na mama ameelewa kuwa binti yake amefaulu mtihani na kuutupa. Aliniuliza kwa sauti ya heshima iliyobeba kisu ndani yake: nani amemfundisha hayo? Nikamjibu ni baba yake. 

"Rocco? Rocco hajui hata chuo kiko upande gani."

Nilimweleza habari ya ndama. Akasema ndama asiponunuliwa anarudi nyumbani na kula majani. "Je, mwanangu asipochukuliwa atarudi kula nini?" akauliza. Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwa Zucchelli.

Jumatatu, 10 Februari

Mena hakushuka kula chakula cha jioni. Nilimpelekea chungwa.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika wasiwasi wangu wazi. Ludovico akikataa alama anahatarisha wiki tatu. Mena ameweka mezani mahafali, chumba na ile nafasi ya Milano. Kitendo ni kimoja, kina bei mbili. Ni rahisi kwangu mzee mwenye pensheni kusema kataa, mwanangu, kataa. Ndiyo maana wengi wa aina yake wanachukua alama ya kwanza na kuondoka. Hesabu yao si ya kijinga hata kidogo.

Nilimwambia hayo leo. 

"Mwalimu," akasema, "usinihurumie sasa, nitasahau nilichosoma."

Kila alasiri Ludovico anatembea naye kandokando ya mto, akimhoji. Anajifanya Zucchelli, anavaa miwani isiyo yake, anauliza vibaya makusudi. Kijana ambaye mtihani wake kwa Zucchelli umekwisha anashinda kwenye ukungu na kitabu cha mwenendo wa mashauri. Nilimpimia kibaba kidogo mno.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekutana na Zucchelli duka la dawa, sote tunanunua dawa ya kikohozi. Nilitaka kupita. Yeye ndiye aliyenisimamisha akasema alinitambua nyuma ya kofia.

Akasema ana miaka mingi kwenye meza ile na anaweza, macho yakiwa yamefumbwa, kujua nani nyumbani kwao wamesoma. Anataja alama, watoto wa waliosoma wanaanza kufikiri, na wengine wanasema asante kabla hajamaliza kutaja.

"Kwa nini usiwaambie?" nikamwuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

"Nimwambie vipi, Mwalimu Bonfanti? Mimi ndiye mnunuzi. Kuna mnunuzi anayemwambia mwenye mali kuwa bei yangu ndogo, usikubali? Aliye upande wake ni wewe."

Sikumweleza habari za mnada. Neno hilo la mnunuzi lilikuwa lake. Nilisahau chenji kaunta.

Jumatatu, 24 Februari

Ukungu umeondoka ghafla. Milima ya Alpi imesimama mwisho wa barabara, myeupe pe. Mena ameosha nywele. Hakuna aliyemtakia heri, kwa sababu kwetu hilo linaleta nuksi.

Jumanne, 25 Februari

Naandika haraka, msomaji anisamehe mwandiko.

Benchi lilijaa. Bweni zima lilikuja, hata watu wa tiba wasiojua rufaa ni nini. Mena aliitwa wa mwisho kabla ya mapumziko. Safari hii alijibu kila kitu. Ile habari ya rufaa aliulizwa tena, kwa kusudi naamini, akaipanga hatua kwa hatua kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Palipokuwa na shaka alisema kuna shaka, akaeleza kwa nini.

Zucchelli alishika kalamu. "Ishirini na nane. Unakubali?"

 Ishirini na nane ni alama nzuri, na haimtoshi. Kukataa hakuwezekani tena. Hakuna siku nyingine. Kukubali ni kuifunga Milano kwa mkono wake mwenyewe. Ludovico aliinamisha kichwa mpaka kikagusa benchi la mbele.

Mena hakukusanya karatasi. Aliweka viganja vyote viwili mezani.

"Profesa, naomba swali moja zaidi."

Hilo pia linaruhusiwa, na watu huliogopa kuliko kukataa, kwa sababu swali la ziada linaweza kupandisha alama na linaweza kuishusha. Zucchelli aliangalia saa ya ukutani. Alifunga kitabu kilichokuwa mbele yake.

"Mdai amefariki, kesi iko katikati. Inakuwaje?"

"Kesi haifi naye," Mena akasema. "Inasimama, lakini si siku ile aliyokufa. Inasimama siku wakili wake atakapotamka mahakamani kuwa amekufa. Warithi wanapewa muda wa kuiendeleza, wasipoiendeleza inazimika."

"Na wakili asipotamka?"

"Akinyamaza, kesi inaendelea kana kwamba marehemu yu hai."

"Hilo ni la haki?"

Hapo hakuwa anasoma kichwani. Alisema kijijini kwao kuna mzee aliyekufa akigombea kisima na jirani, na wakili wake alinyamaza kwa sababu ushahidi wote ulikuwa umekwisha kutolewa na upande wake ulikuwa karibu kushinda; kuisimamisha kungempa jirani mwaka mzima wa kuchota. Sheria haimwachii wakili chaguo hilo kwa kumdharau marehemu. Inamwachia kwa sababu yeye ndiye anayejua kama kusimama kutawasaidia warithi au kutawaumiza. Lakini, akaongeza, warithi wakiwa hawajui kuwa wakili ana chaguo hilo, basi ni haki nusu.

Zucchelli alikuwa anamtazama usoni. Nadhani alisahau kuwa kuna watu.

"Thelathini," akasema. "Unakubali?"

"Nakubali."

Sikumbuki nani alianza kupiga makofi. Haijuzu kupiga makofi kwenye mtihani, na Profesa alituambia hivyo, akiandika.

Jumatano, 26 Februari

Nimelala mpaka saa nne asubuhi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mena amehitimu kwa mia na kumi. Walimvika taji la majani kichwani kama desturi, Ludovico akamwimbia ule wimbo wa matusi ambao kila mhitimu huimbiwa hadharani, na mama yake akaziba masikio huku akiuliza maana ya kila mstari. Rocco Pietrafesa alivaa suti nyeusi na alikuwa na viganja vipana. Nilimwambia kuwa binti yake ana mnada damuni. Akafikiri kidogo, akaniuliza Zucchelli ni yupi. Nikamwonyesha. Alimtazama kwa muda mrefu kutoka mbali, kitaalamu, kisha akasema: "Anaonekana mtu wa kununua."

Jumanne, 29 Aprili

Ofisi ya Milano ilimwita Mena jana. Leo wamempigia simu kumpa nafasi, na wakamtajia masharti. Alikuwa amesimama mlangoni pangu, simu sikioni. Akawashukuru kwa adabu zote za kwao, akasema nafasi ameifurahia sana, masharti atayasoma na kuwajibu Jumatatu. Kisha akakata simu, akaegemea ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wamesemaje?" nikauliza.

"Wamesema wanaweza kuyaangalia upya, Mwalimu. Sijaomba kitu bado."

Ludovico, aliyekuwa anafunga vitabu vyake kwenye maboksi, amesema kuanzia leo yeye ndiye atakayemwomba ushauri.

Ufunguo wa ofisi uko kwenye droo ya kulia. Wewe uliyekalia kiti hiki, vitabu na faili vinaweza kungoja. Leo tafuta mwanafunzi mmoja ambaye nyumbani kwao ndiye wa kwanza kufika hapa, uketi naye, umwambie kwa maneno mepesi kwamba anaruhusiwa kusema hapana.